MSAIDIZI WA KISHERIA: KAZI TUNAYOIDHARAU BURE

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu msomaji, methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi na walimu wakatutilia alama, lakini sijui ni wangapi kati yetu wamewahi kuifikiria juu ya mambo ya sheria. Wakili ni fimbo. Tena ni fimbo nzuri, ngumu, iliyochongwa kwa miaka mingi. Lakini ikiwa fimbo yenyewe iko Kitui mjini, ama Machakos, ama Nairobi, na nyoka ameingia boma la mtu huko Tseikuru, Ikutha ama Kathonzweni, itamfaa nini mwenye boma?

Mimi katika makala haya nataka kusema jambo moja tu. Sisi wanafunzi wa Kitui na Makueni tunakimbilia kuwa mawakili, na si vibaya, lakini tunaidharau kazi moja ambayo vijiji vyetu vinaihitaji zaidi na ambayo wengi wetu tunaweza kuifikia. Kazi hiyo ni ya msaidizi wa kisheria.

Najua kuna wanaocheka tayari. Siku ya ushauri wa kazi ikifika, waulize wanaopenda historia na lugha wanataka kuwa nani. Utasikia "loya", "loya", "loya". Hakuna hata mmoja utakayemsikia akisema anataka kuwa msaidizi wa kisheria. Kwani nani anataka kuitwa msaidizi? Neno lenyewe linasikika kama mtu wa kubeba faili na kuchemsha chai. Hebu basi tuulizane kwanza: huyu mtu ni nani hasa?

Kule Marekani, kazi hii ilianza kupata nguvu miaka ya 1960. Huko mtu husoma katika chuo cha jamii kilicho karibu na kwao, kisha akaajiriwa na wakili kumtayarishia karatasi, kutafuta kesi za zamani na kuzungumza na wateja. Huyo ni msaidizi wa wakili. Kwetu Afrika kuna wa aina ya pili, na huyu ndiye ninayemtetea hapa. Huyu hakai mjini katika ofisi ya wakili. Anakaa kijijini na watu, anajua sheria zinazowagusa kila siku, na kazi yake ni kuwaeleza haki zao, kuwaandikia barua, kuwaonyesha ofisi ya kwenda na kuwapatanisha panapofaa. Jambo likimzidi, anampeleka mtu kwa wakili. Kazi yake inafanana na ile ya mhudumu wa afya wa kijijini. Yule hapasui mtu tumbo, lakini ndiye anayejua kwamba tumbo hili si la kusubiri hadi kesho.

Hapa Kenya kazi hii si mpya. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973, kimewafundisha raia wa kawaida kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo ikamtaja msaidizi wa kisheria kwa jina. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mtu aliyehitimu mafunzo katika chuo kilichoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria, naye hufanya kazi chini ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ama chini ya shirika lililoidhinishwa. Jirani zetu Tanzania walipitisha sheria yao mwaka 2017. Kule Zanzibar, Kituo cha Huduma za Sheria kimekuwapo tangu mwaka 1992. Huko kwao maneno "wasaidizi wa kisheria" ni ya kawaida kabisa, wala hakuna anayecheka.

Sasa turudi nyumbani. Kaunti ya Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita mraba 30,000. Ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda! Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,136,187, na Makueni ilikuwa na watu 987,653. Mahakama zipo, siwezi kusema hazipo. Kitui kuna mahakama za hakimu mjini Kitui, Mwingi, Mutomo na Kyuso. Makueni ziko Wote, Makindu, Tawa na Kilungu. Lakini mahakama ni mahali pa kupeleka shauri likiwa limeiva. Nani anamsaidia mtu shauri likiwa bado bichi? Acha nitoe mifano mitatu, na kila msomaji ajiulize kama hajawahi kuisikia kwao.

Mfano wa kwanza ni shamba. Katika sehemu kadhaa za Ukambani mashamba yangali yanapimwa, ama yamepimwa juzi juzi. Sheria ya uamuzi wa ardhi, ile ya Sura ya 284, inasema kwamba kazi ya upimaji ikimalizika katika eneo, rejista huwekwa wazi ili watu waikague, na notisi hutolewa. Kuanzia hapo, mtu anayeona jina lake limeachwa ama mpaka wa jirani umeingia kwake ana siku 60 za kupinga kwa maandishi. Asiporidhika na uamuzi wa pingamizi, ana siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri, na akishaamua Waziri, sheria hiyo inasema ni basi. Siku 60 si nyingi, jamani. Karatasi imebandikwa ukutani, imeandikwa Kiingereza, bibi hajui kusoma, mtoto wake yuko Mombasa akitafuta riziki. Siku zinapita. Baada ya miaka mitatu anakuja mtu na hati mkononi, anasema shamba ni lake. Hapo ndipo ng'ombe wanauzwa kutafuta pesa za wakili. Na wakati ule wa siku 60, dawa ilikuwa ukurasa mmoja tu wa barua! Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa kotini hujengwa kwa pesa nyingi.

Mfano wa pili ni mirathi. Baba anafariki. Kabla hata matanga hayajaisha, kuna wajomba ama wana wakubwa wameanza kugawana mbuzi na kuwatafuta wanunuzi wa ploti. Mjane anaambiwa akae kimya. Mabinti wanaambiwa wao wana kwao walikoolewa. Lakini Sheria ya Urithi, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 1981, haisemi hivyo hata kidogo. Mtu akifa bila wasia, sheria hiyo inazungumza juu ya watoto. Haisemi wa kiume peke yao. Mjane ana haki ya vyombo vya nyumbani na ya kuitumia mali iliyobaki maishani mwake. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa, na mtu anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Tena shamba la marehemu halifai kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha warithi. Mjane akienda kwa chifu akapata barua ya kuwataja warithi wote, kisha akafungua faili katika mahakama iliyo karibu, notisi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kwa siku 30, na baada ya miezi 6 anaweza kuomba uthibitisho. Hizi ni hatua tu, kama hatua za hesabu. Mtu wa kumshika mkono azipite moja baada ya nyingine ndiye anayekosekana.

Mfano wa tatu ni kukamatwa. Kijana wa bodaboda, ama aliyekutwa na gunia la makaa, ama aliyekuwa akichota mchanga mtoni, ametiwa ndani. Mama yake anakimbia huku na huko akikopa, kwa kuwa mtu fulani amemwambia "toa kitu kidogo". Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inasema kijana huyo aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Afikishwe kotini kabla ya saa 24 kupita, na saa hizo zikiishia siku ambayo koti haikai, basi siku inayofuata ya koti. Tena kifungu hicho hicho kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi sita. Je, mama huyo angeyajua haya matatu, angemuuza yule mbuzi? Nchini Malawi, tangu mwaka 2000, wasaidizi wa kisheria wamekuwa wakiingia magerezani kuwafundisha mahabusu namna ya kuomba dhamana na kujieleza mbele ya hakimu. Hawakungoja mawakili wawe wengi kwanza.

Kuna watakaosema, "Sisi Wakamba tuna wazee, tuna mbai, tuna nzama. Mambo yetu tunayamaliza chini ya mti." Nakubali, na nawaheshimu wazee wetu. Hata Katiba, kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia za kimila za kupatanisha watu. Ugomvi wa mpaka, deni, ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, yote hayo wazee wanaweza kuyatatua vizuri kuliko koti. Lakini kifungu hicho kimeweka mpaka: mila isivunje haki za binadamu. Msichana akinajisiwa, hilo si jambo la kuketi chini ya mti na kutoza mbuzi wawili. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mtoto anatakiwa hospitali mara moja, kabla saa 72 hazijapita, na anatakiwa kuandikiwa fomu ya P3, ambayo hailipiwi. Msaidizi wa kisheria akiwa ameketi pamoja na wazee, atawaambia kwa adabu, "Wazee wangu, hili si letu." Wakili wa mjini hayuko pale kuwaambia. Na akija, watamwona kama mgeni mwenye kiburi.

Jambo jingine linatuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili moja kwa moja. Lugha. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria inaruhusu mahakama za chini zitumie Kiingereza ama Kiswahili. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya koti. Maneno ni matamu, lakini nenda ukatazame fomu zenyewe. Hati za kiapo, notisi, masharti ya dhamana, karibu zote ni Kiingereza, tena Kiingereza kizito ambacho hata sisi wa Kidato cha Nne kinatutoa jasho. Bibi anatia kidole gumba mahali asipopajua. Msaidizi wa kisheria wa Ukambani lazima awe mtu wa lugha tatu: aisome karatasi kwa Kiingereza, aifikirie kwa Kiswahili, amweleze bibi kwa Kikamba hadi bibi mwenyewe aseme, "Sasa nimeelewa." Wale wanaotuuliza kila siku, "Kiswahili kitakupeleka wapi?" nawajibu hapa: kinaweza kukupeleka kati ya mjane na shamba lake.

Sasa tusikie upande wa pili, maana mgala muue na haki umpe.

Wa kwanza wanasema hawa watakuwa mawakili bandia wa kuwanyang'anya watu pesa. Hofu hiyo ina msingi. Matapeli wapo, na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza mtu asiyehitimu kujifanya wakili. Msaidizi wa kisheria asimame kotini kama wakili? La hasha! Ajifanye mwenye mamlaka ya kuhamisha hati za mashamba? La! Lakini tapeli hustawi mahali ambapo hakuna mtu aliyefundishwa na kuidhinishwa. Watu wakijua kwamba kuna msaidizi mmoja anayetambuliwa, aliye na kitambulisho, na ofisi yake iko karibu na ya chifu, yule wa kuvizia watu nje ya geti la koti na mkoba mweusi atapoteza soko.

Wa pili wanasema kazi yenyewe haina mshahara. Hapa sitawadanganya. Wengi wanaofanya kazi hii vijijini hujitolea, na mtu hawezi kula asante. Ndiyo sababu maoni yangu hayaishii kwa wanafunzi. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha Hazina ya Msaada wa Kisheria. Kaunti nazo zina pesa za basari. Kitui ina wadi 40 na Makueni ina wadi 30. Tukiweka msaidizi mmoja aliyehitimu katika kila wadi, tunahitaji watu 70 tu kwa kaunti zote mbili. Sabini! Hao si wengi kuliko wanafunzi wa vidato viwili vya shule moja. Sisemi kazi ianze kesho na watu wote 70. Ianze na wadi zilizo mbali zaidi na mahakama, halafu tuone.

Wa tatu wanasema, "Kama ni sheria, mimi nitasoma yote, niwe wakili kamili." Heri yako, na Mungu akusaidie. Ukambani hatujakosa wanasheria wakubwa. Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya Katiba mpya, Dkt. Willy Mutunga, aliyeshika kazi hiyo kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, ni mzaliwa wa Kitui. Gavana wa kwanza wa Makueni, Profesa Kivutha Kibwana, aliyeongoza kutoka mwaka 2013 hadi 2022, alikuwa mwalimu wa sheria katika chuo kikuu. Tunajivunia. Lakini tuseme ukweli: shahada ya sheria inataka wastani wa C+ katika KCSE na alama ya B katika Kiingereza ama Kiswahili. Baadaye kuna mafunzo ya uwakili, mitihani yake na karo yake. Ni wangapi katika darasa lako watafika huko? Na wakifika, ni wangapi watarudi kukaa Mutitu ama Nguu? Aliyesoma stashahada anaweza kurudi nyumbani mapema, akiwa bado anamjua kila mtu wa kijiji kwa jina. Na akitaka kuendelea mbele baadaye, nani atamzuia?

Masomo yenyewe yako wapi? Kenya School of Law, iliyoko Karen, Nairobi, inafundisha stashahada ya kazi hii. Wanafundishwa mambo kama taratibu za mahakama, mikataba, ardhi, urithi na uandishi wa hati. Yapo pia mashirika yanayotoa mafunzo mafupi kwa wanakijiji. Ni vizuri, lakini hapo tena tumerudi kwenye fimbo ya mbali. Mzazi wa Mutomo anayemlipia mtoto karo ya shule kwa taabu atamlipia nyumba Nairobi kwa pesa gani? Kwetu kuna vyuo vya kiufundi, kama kile cha Wote, vinavyowafundisha vijana umeme, ujenzi na upishi. Kwa nini kusiwe na darasa moja la msaada wa kisheria humo, lililoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria, ambapo mwanafunzi anatoka kwao asubuhi na kurudi jioni? Wamarekani walijua siri hii ya chuo kilicho karibu. Fundi wa umeme tunamfundisha karibu na nyumbani kwa sababu tunajua nyumba za hapa zinahitaji umeme. Je, nyumba za hapa hazihitaji haki?

Walimu wetu wapendwa, nina maombi mawili. Siku ya ushauri wa kazi ijayo, pamoja na daktari, mhandisi na rubani, mwalikeni msaidizi wa kisheria mmoja atuzungumzie. Pili, Chama chetu kiruhusiwe kutayarisha karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoeleza zile siku 60 za shamba, hatua za mirathi na saa 24 za kukamatwa. Mwanasheria aikague isije ikapotosha watu, halafu kila mwanafunzi aende nayo nyumbani likizoni awasomee wazazi.

Nanyi wanafunzi wenzangu, mnapojaza zile fomu za kuchagua kazi, msiandike tu jina linalosikika kubwa. Jiulize kwenu kijijini, usiku wa matanga ama asubuhi ya notisi, watu humkimbilia nani. Kama jibu ni "hakuna mtu", basi hapo pana nafasi ya kazi. Nayo inakungoja wewe.